Kona ya Mpiga Besi: Shingo Iliyokauka na Maswali Mengine ya Wasomaji

Barua za mwezi huu ni nyingi kuliko nafasi tuliyopewa, na kwa kuwa kadhaa zinauliza jambo lile lile nimechagua saba. Kwa msomaji mgeni nieleze kwamba mimi si mwanamuziki wa kuishi kwa muziki. Mchana ninapima viwanja, na jioni mbili kwa wiki ninapiga gitaa la besi katika kikundi cha watu wanne wanaopenda rock, tukifanyia mazoezi katika stoo ya nyumba ya mwenzetu mmoja hapa Area C, Dodoma. Ninayoyajibu ni yale niliyoyafanya kwa mikono yangu, na mengine niliyoyaharibu kwa mikono hiyo hiyo.

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mpwapwa. Mwezi wa Machi nilinunua gitaa la besi la nyuzi nne, likawa linalia vizuri kabisa, lakini tangu Julai nyuzi zinagonga vile vyuma vya shingoni na kutoa mlio kama wa nyuki, hasa ninapobonyeza karibu na kichwa cha gitaa. Fundi mmoja ameniambia kwamba shingo imekufa na nitafute gitaa jingine. Je, ni kweli?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Usinunue kitu kwanza. Ulichokieleza ni ugonjwa wa kiangazi, na gitaa langu huupata kila mwaka upepo wa Juni unapoanza kupuliza vumbi.

Nyuzi nne za besi zikishakazwa zinaivuta shingo ya gitaa kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 70, yaani kama mtu mzima anayening'inia pale kichwani mchana na usiku. Ili shingo isipinde kama upinde, ndani yake hupitishwa fimbo ya chuma inayovuta kinyume. Gitaa linakuwa zima pale nguvu hizo mbili zinapokaribia kulingana na shingo ikabaki na mpindo mdogo sana wa kwenda mbele, kwa sababu waya mnene wa besi unapotetema unahitaji nafasi ya kuchezea. Sasa mbao hunywa unyevu wa hewa na kuutapika. Ulinunua gitaa wakati wa mvua, likasawazishwa kwa hewa ile. Kisha kiangazi kimekuja, mbao zimekauka, fimbo imeshinda mvutano wa nyuzi, na shingo imenyooka kupita kiasi au hata kurudi nyuma kidogo. Ndiyo maana mlio unausikia kwenye freti, yaani vile vyuma vya shingoni, za mwanzo zaidi kuliko za katikati.

Kabla ya kuamini neno langu au la fundi wako, lipime mwenyewe. Bonyeza waya mnene kabisa kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja, na kwenye freti ya mwisho kwa mkono mwingine, kisha uangalie nafasi iliyopo kati ya waya na freti ya saba au ya nane. Inatakiwa ipite kadi ya mwaliko wa harusi, ile ya karatasi ngumu, ambayo unene wake ni karibu theluthi ya milimita. Ukikuta waya umelala juu ya freti bila nafasi yoyote, umeshapata jibu. Tafuta tundu la fimbo, ambalo huwa kichwani au mahali shingo inapoungana na mwili, ingiza spana yake ndogo ya pembe sita, kisha legeza kwa kuzungusha kinyume cha mshale wa saa, robo ya mzunguko tu. Kaza tena nyuzi hadi sauti yake, acha gitaa lilale usiku mmoja, upime tena asubuhi. Spana ikigoma, simama hapo hapo, kwa maana fimbo ikikatika ndipo maneno ya fundi wako yatakapokuwa kweli.

Mvua za Desemba zikianza utafanya kinyume chake. Mimi nimeandika alama mbili kwa penseli nyuma ya kichwa cha gitaa langu, moja ya masika na moja ya kiangazi. Ukiona pia ncha za freti zinachomoza pembeni na kukwaruza kiganja, hilo nalo ni la mbao kusinyaa, na tupa laini ya fundi simu huzimaliza kwa dakika kumi. Usiliegemeze gitaa kwenye ukuta unaopigwa jua la mchana. Lihifadhi ndani ya mfuko wake pamoja na kisanduku cha sabuni kilichotobolewa, chenye kipande cha sponji iliyoloweshwa na kukamuliwa vizuri.

Niongeze jambo dogo nje ya swali. Mlio wa nyuki si aibu katika kila muziki. Ilimba ya Wagogo, ala ya vyuma vinavyochezwa kwa vidole gumba, ile aliyoipigia dunia nzima marehemu Hukwe Zawose, huwekewa makusudi utando wa kifuko cha buibui juu ya tundu ili kila noti itoke na mvumo wake. Kila ninaposikia watu wakisema kwamba gitaa la rock lenye sauti ya kukwaruza ni kelele za kizungu, huwa ninawakumbusha utando huo.

SWALI: Kaka, mimi ni kijana wa Nkuhungu, nimepiga besi kanisani kwa miaka mitatu kwa kutumia gitaa la kanisa. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma wamenialika katika kikundi chao cha rock na wanataka nije na vifaa vyangu. Fedha niliyonayo ni ya kitu kimoja kikubwa tu. Je, ninunue gitaa la nyuzi tano kama la kanisani, au amplifaya kubwa, au vyote vidogo vidogo?

JIBU: Nunua gitaa la nyuzi nne lililotumika, lenye shingo nzima, na fedha inayobaki igawe katika vitu vitatu ambavyo hakuna anayevipiga picha: waya wa jeki ulio imara, seti mpya ya nyuzi, na kisanduku cha DI. Amplifaya isubiri.

Kuhusu nyuzi tano, ninaelewa mazoea yako. Kanisani mpiga kinanda huhamisha ufunguo kumfuata mwimbaji, nawe unaufurahia ule waya wa B wa chini kwa sababu unakuwezesha kushuka bila kuhama nafasi. Lakini waya huo hutetema karibu mara 31 kwa sekunde, na spika nyingi tunazokutana nazo kumbini haziwezi kuitoa sauti hiyo. Kinachosikika ni minong'ono yake ya juu tu, huku koni ya spika ikihangaika bure. Waya wa E wa gitaa la nyuzi nne uko kwenye mitetemo 41, na rock iliyo nyingi imejengwa juu ya waya huo. Wimbo ukidai kushuka zaidi, utaulegeza hadi D, kazi ya sekunde tano. Mtengenezaji wa magitaa Leo Fender alipotoa besi yake ya kwanza ya umeme nchini Marekani mwaka 1951, ilikuwa na nyuzi nne na urefu wa waya wa inchi 34 kutoka daraja hadi kichwani, na vipimo hivyo bado ndivyo vinavyotumika katika magitaa yaliyo mengi hadi leo.

Kisanduku cha DI ni kitu cha ukubwa wa tofali dogo la sabuni ambacho huigeuza ishara dhaifu ya gitaa iweze kusafiri kwa waya mrefu wa mikrofoni hadi kwenye mixa bila kuokota mivumo ya umeme. Ukiwa nacho, ukumbi wowote wenye mixa na spika ni amplifaya yako. Mtu aliyebeba amplifaya ndogo ya wati 30 akidhani atashindana na drams atajuta wimbo wa kwanza, kwa sababu sauti nzito hula nguvu nyingi: ili sikio lione kwamba sauti imekuwa mara mbili, wati zinatakiwa ziongezeke karibu mara kumi. Wati 30 zinazomtosha kabisa mpiga solo mwenzako zitakuacha wewe ukionekana unachuna nyuzi bila kusikika.

Jambo ambalo hukuliuliza ndilo litakalokusumbua zaidi. Mkono wa kanisani umezoea sebene, nao unatembea, unapamba, unajibizana na gitaa la solo. Rock mara nyingi inakutaka upige noti moja mara nane katika kipimo kimoja, bila kupamba, kila moja ikianguka pamoja na ngoma ya mguu na kukatika mahali pamoja. Kukatika huko ndiyo kazi yenyewe, nayo hufanywa na mkono wa kushoto kwa kulegeza kidole bila kukiinua. Wiki zangu za kwanza mpiga drams wetu alikuwa ananitazama kama mtu anayemdai, na nilichukua muda kugundua kwamba sikukosea noti hata moja, ila noti zangu zote zilikuwa zinakawia kunyamaza.

SWALI: Shemeji yangu aliyeko Marekani amenitumia amplifaya nzuri ya besi. Plagi yake ina pini mbili bapa na moja ya duara. Nimepata adapta ya plagi sokoni Majengo. Je, naweza kuichomeka? Ninaishi Kisasa.

JIBU: Usiichomeke. Adapta hubadilisha umbo la pini tu, haibadilishi umeme unaopita. Umeme wa nyumbani kwako ni volti 230, na amplifaya ya Marekani kwa kawaida imetengenezewa volti 120. Nililijua hilo tangu darasani, na bado siku moja, nikiwa na haraka ya kujaribu vyombo kabla wageni hawajaingia ukumbini, nilichomeka amplifaya ya rafiki kwa adapta kama hiyo yako. Ilinguruma mara moja, ikatoa harufu ya plastiki iliyoungua, na nikaifidia kwa miezi mitano.

Soma kibao kilicho nyuma. Kikionyesha swichi ya 115 na 230, igeuze kabla ya kuchomeka na uangalie fyuzi inayotajwa kwa kila upande, kwa sababu mara nyingi ya 230 huwa ni nusu ya ile nyingine. Kikionyesha 120 peke yake, utahitaji transfoma ya kushusha umeme. Unapoichagua, usitazame wati za sauti zilizoandikwa mbele kwa herufi kubwa. Tazama wati za matumizi zilizoandikwa nyuma kwa herufi ndogo, kisha uchukue transfoma yenye uwezo unaozidi hizo kwa kiasi cha kutosha. Jambo jingine ni kwamba umeme wa kwao hutetema mara 60 kwa sekunde na wetu mara 50, na transfoma iliyosukwa kwa ajili ya 60 hupata joto zaidi kwenye 50, hivyo iachie nafasi ya kupumua na usiifunike kwa kitambaa. Wenye vifaa vilivyotoka Japani wakumbuke kwamba kule ni volti 100, si 120.

SWALI: Kikundi chetu kimealikwa kupiga kwenye sherehe ya kumuaga bibi harusi hapa mjini. Kamati inajua kwamba sisi ni watu wa rock lakini mwenyekiti wake anasema, "Mtajua wenyewe namna ya kuwachezesha wazee." Tufanyeje? Hii ndiyo mara yetu ya kwanza kupanda jukwaani.

JIBU: Hongereni, na poleni. Nasi tulianzia kwenye sherehe kama hiyo. Tulifungua kwa wimbo wa Kiingereza wenye kasi na sauti ya juu, na kabla haujafika katikati meza mbili za mbele, ambazo zilikuwa za mashangazi, zilikwisha kuhamia nje kwenye upepo. Mshereheshaji alikuja taratibu, akainama sikioni pangu, akaniuliza kama tunaweza kupiga "Harusi". Tuliweza kwa sababu moja tu, kwamba mpiga solo wetu alilelewa na baba aliyekuwa na kaseti za Afro 70. Patrick Balisidya, mwimbaji na kiongozi wa Afro 70, alikuwa mzaliwa wa mkoa huu huu wa Dodoma, na nyimbo zake zina gitaa ambalo mtu wa rock halazimiki kujidharau kulipiga. Tena mwaka 1979 alirekodi pamoja na kundi la Archimedes la Uswidi. Tulipoianza, mashangazi walirudi. Katika wimbo wa tatu tuliichafua kidogo sauti ya gitaa la solo, katika wa nne zaidi, na kufikia wa sita tulikuwa tunapiga rock waziwazi huku watu wakiserebuka, kwa sababu ngoma ya mguu na besi hazikuwa zimebadilika tangu mwanzo. Kwa hiyo msianze na kile mnachojivunia. Anzeni na besi wanayoijua wazee, na muiache ikae pale pale wakati vingine vinabadilika.

Yaliyobaki ni ya kiutendaji. Andikianeni na kamati, hata kama ni ukurasa mmoja: saa ya kufika, saa ya kuanza, idadi ya nyimbo, nani analeta spika na mixa, chakula, na malipo ya awali kabla ya siku yenyewe. Kamati za sherehe huvunjika usiku ule ule sherehe inapokwisha, na mtu aliyewaahidi salio hatapokea simu kesho yake. Kama mnakusudia kuendelea na kazi hizi, jisajilini BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, mapema, msingoje kuulizwa.

Fikeni ukumbini kabla ya wapambaji hawajamaliza. Kumbi zetu nyingi zina sakafu ya vigae na kuta za plasta tupu, na sauti nzito haina pa kumezwa. Wimbi la waya wa E lina urefu wa zaidi ya mita 8, nalo hujikusanya kwenye kuta na pembeni, kiasi kwamba wewe uliye jukwaani unaweza kuiona besi yako kuwa nyembamba wakati wageni wa ukuta wa nyuma wanatikisika vifuani. Mwombe mwenzako apige besi, au tumia waya mrefu, utembee hadi ukuta wa mwisho na usikilize huko. Kama inanguruma bila noti kutambulika, punguza sauti nzito kwenye mixa na uongeze za katikati. Mara nyingi fundi mitambo atakataa akisema besi lazima "ipige kifua". Mletee soda, umkalishe pale nyuma, uanze kupiga.

SWALI: Ni kweli kwamba rock ina asili ya Tanzania kwa sababu ya Freddie Mercury?

JIBU: Alizaliwa Zanzibar mwaka 1946, hilo ni kweli, lakini rock haikuzaliwa naye. Mimi kwenye kundi lake la Queen ninamtazama zaidi mpiga besi, John Deacon, aliyesomea elektroniki London. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliokota kipande cha saketi kwenye pipa la taka za ujenzi, akakifunga ndani ya kasha la spika ya kawaida ya sebuleni, kikaendeshwa kwa betri ya volti 9, na kidude hicho kikaja kutumika katika rekodi za Queen kwa magitaa ya Brian May, mpiga gitaa wa kundi hilo. Kijana wa Nkuhungu aliyeuliza hapo juu kuhusu amplifaya asome aya hii mara mbili. Na anayetafuta rock ya karibu na nyumbani asikilize Wazambia wa miaka ya 1970, hasa kundi la WITCH.

SWALI: Nitumie vidole au kipande cha plastiki?

JIBU: Vyote. Kati ya wapiga besi mashuhuri wa rock, John Entwistle na Geezer Butler walijulikana kwa vidole, Lemmy na Paul McCartney kwa kipande, na hakuna aliyewarudishia tiketi.

SWALI: Mimi ni mama mwenye nyumba hapa Makole. Mpangaji wangu mmoja ni kijana mwenye adabu, anayelipa kodi kwa wakati, lakini anapiga hilo gitaa la besi usiku, na ingawa anasema amepunguza sauti, vyombo vyangu vya kabatini vinalia. Sitaki kumfukuza. Nimwambie nini?

JIBU: Shikamoo mama. Kijana hakudanganyi, na wewe hukosei. Sauti nyembamba huzuiwa na ukuta, nzito hupita kwenye ukuta na sakafu, hivyo yeye chumbani anasikia kidogo wakati kabati lako linapokea mtikisiko. Mwambie mambo mawili. La kwanza, ainue spika kutoka sakafuni, aiweke juu ya godoro dogo au tairi kuukuu. La pili, ambalo ndilo dawa hasa, anunue kidude kidogo cha kuchomeka kwenye gitaa kinachopeleka sauti kwenye hedifoni. Kipo cha kuchajiwa kama simu, na hakuna atakayesikia isipokuwa yeye. Kama gitaa lake ni la aina inayotumia betri, mkumbushe achomoe waya kila anapomaliza, kwa sababu waya ukibaki umechomekwa betri inaendelea kuliwa hadi asubuhi.

Umwambie pia asiifungulie hedifoni hiyo hadi mwisho. Taasisi ya Marekani ya afya kazini, NIOSH, huweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda hupungua kwa nusu, hata kufikia desibeli 100 mtu anabakiwa na dakika 15 tu kwa siku. Kundi la The Who liliwekwa katika kitabu cha rekodi cha Guinness kwa onyesho lao la London la mwaka 1976 lililopimwa desibeli 126, na Entwistle, mpiga besi wao, aliishia kuwa mgumu wa kusikia. Mimi mwenyewe sikio la kushoto, lililokaa upande wa tasa la drams kwa miaka sita, hunilia usiku kama friji ya jirani. Vizibo vya sikio vya sponji hupatikana kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Akienda kununua, mama, mwagize na jozi yako.